Raba za CV jointi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila gari linapoinuliwa na mwenye gari kuonyeshwa mpira uliochanika nyuma ya tairi. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yanayomkuta mtu mmoja mmoja. Kama gari lako tayari linalia ukikata kona, ruka uende moja kwa moja kwenye sehemu ya "Raba imeshachanika".

## Mambo ya msingi

Raba ya CV jointi ni kitu gani, na iko wapi?

Ni mpira mweusi wenye mikunjo, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, unaofunika CV jointi (kifupi cha Kiingereza "constant velocity", kasi isiyobadilika), yaani kiungo cha shafti inayopeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi gurudumuni. Kata usukani mpaka mwisho, chuchumaa mbele ya gari, chungulia nyuma ya tairi: utaiona pale shafti inapoingia kwenye habu. Wapo wanaoiita buti au mpira wa ekseli. Kitu ni kilekile.

Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lina raba 4, kwa sababu kila shafti ina mbili: ya nje, karibu na tairi, na ya ndani, karibu na giaboksi. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, na ambalo kila gurudumu la nyuma lina sospensheni yake, huwa na 8. Watu wengi hukagua zile 4 za mbele wakasahau kabisa kwamba nyuma nako kuna kazi. Gari lenye ekseli nzima nyuma, kama pikapu nyingi, halina raba hizi upande huo.

Kazi yake hasa ni nini?

Kuzuia grisi isitoke na uchafu usiingie, basi. Lakini uzito wa kazi hiyo unauona ukifungua kiungo chenyewe. Ndani ya CV jointi ya nje mna gololi za chuma, kwa kawaida 6, zinazotembea kwenye mifereji iliyochongwa kwa vipimo vya karibu sana. Muundo huo ulibuniwa na Alfred Rzeppa miaka ya 1920, na ukaingia kwenye magari madogo ya kawaida kwa wingi baada ya Mini ya mwaka 1959. Tangu wakati huo umebadilika kidogo sana, kwa sababu unafanya kazi vizuri, ili mradi ubaki msafi na uwe na grisi.

Jointi hizi, kwenye magari mengi, hazina nipo ya kuongezea grisi. Ile iliyowekwa siku ya kuunganishwa ndiyo inayotegemewa maisha yote. Raba ikichanika, grisi hutupwa nje na mzunguko, kisha mchanga na maji huingia. Grisi iliyobaki ikishachanganyika na mchanga inageuka msasa, na kila mzunguko wa tairi unasaga mifereji.

Raba ya nje na ya ndani zinatofautianaje?

Ya nje inafuata usukani, hivyo inakunjwa sana; kiungo chake kinaweza kujipinda hadi karibu nyuzi 45. Ya ndani haipindi kiasi hicho, ila kiungo chake huteleza kuingia na kutoka kila tairi linapopanda na kushuka. Ndiyo maana ya nje huchanika kwanza katika magari mengi. Ya ndani adui yake mkubwa ni joto, hasa pale bomba la moshi linapopita karibu, na oili inayodondoka kutoka kwenye injini.

Raba hudumu muda gani?

Raba za kiwandani mara nyingi hupita kilomita 100,000 bila shida. Lakini kilomita peke yake zinadanganya. Mpira huzeeka kwa miaka, kwa joto na kwa hewa. Gari lenye kilomita chache lililokaa muda mrefu juani linaweza kuwa na raba mbovu kuliko gari linalofanya kazi kila siku.

Magari mengi hayana muda maalumu wa kuzibadilisha. Kitabu cha gari husema zikaguliwe. Kwa maoni yangu wakati mzuri wa kufanya hivyo ni kila oili ya injini inapomwagwa, kwa sababu gari tayari liko juu na tochi iko mkononi.

## Kutambua tatizo

Dalili ya kwanza ya raba iliyochanika ni ipi?

Grisi mahali isipotakiwa kuwa. Raba inazunguka pamoja na shafti, hivyo ikitoboka grisi hurushwa kwa duara. Utaikuta imetapakaa upande wa ndani wa rimu, kwenye ukuta wa ndani wa tairi, kwenye shokapu, kwenye springi, wakati mwingine hadi kwenye kalipa ya breki. Ni nyeusi au ya kijivu cha risasi, nzito, inanata, na baada ya siku chache huwa imevaa vumbi. Mstari wa matone uliojipanga usawa mmoja na kiungo ni ushahidi tosha.

Raba ya ndani ikichanika hurushia grisi kwenye tumbo la giaboksi na, mara nyingine, kwenye bomba la moshi. Hapo mtu hunusa harufu ya kuungua baada ya safari, akatafuta kosa kwenye injini.

Nikikata kona nasikia "ta-ta-ta-ta". Ni raba?

Raba haipigi kelele. Huo ni mlio wa jointi yenyewe, maana yake raba ilichanika zamani na uchafu umeshafanya kazi yake. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue: ukisubiri kusikia, umechelewa. Raba iliyochanika inaonekana kwa macho tu, na muda kati ya kuchanika na kulia ndio muda pekee ambao tatizo ni la mpira na si la chuma.

Nikague vipi mwenyewe?

Weka gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, kata usukani mpaka mwisho upande mmoja. Kwa kukagua raba za nje huhitaji hata jeki kwenye magari mengi. Ukilazimika kuingia chini, gari liwe juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja.

Kosa la kawaida ni kutazama mgongo wa mikunjo. Nyufa huanzia kwenye mabonde, pale mikunjo inapokutana, na raba ikiwa imenyooka mabonde hayo yamefungwa. Ndiyo sababu ya kukata usukani: upande mmoja wa raba unafunguka. Elekeza tochi humo ndani ya bonde, bonyeza mikunjo kwa vidole uitanue, kisha sogeza gari mbele kidogo ili shafti izunguke robo, ukague upande uliokuwa umejificha. Rudia mpaka umeona duara lote. Ufa unaweza kuwa sehemu moja tu, upande wa juu, na ukitazama mara moja hutauona.

Malizia kwa klipu mbili. Ile ndogo, upande wa shafti, ndiyo inayosahaulika. Ishike uone kama inazunguka. Klipu nzuri haisogei kwa mkono. Tazama pia kama shafti imeviringiwa na waya, kamba au nyuzi za mifuko ya plastiki. Vitu hivyo hujikusanya pale pale kwenye shingo ya raba na kuikata taratibu kama hakuna anayevitoa.

Raba ina nyufa ndogo lakini haijatoboka. Nibadilishe?

Tofautisha nyufa za juu juu na nyufa za ndani ya bonde. Mpira uliopauka na wenye mistari myembamba juu ya mgongo wa mikunjo umezeeka, lakini unaweza kuendelea. Ukague tena baada ya miezi michache. Ufa ulio ndani ya bonde, unaofunguka ukiutanua na kuonyesha rangi tofauti, uko njiani kutoboka. Hapo usingoje. Raba inayobadilishwa kabla ya kutoboka inaacha jointi ikiwa safi kabisa, na kazi inakuwa nyepesi.

Kuna ute mdogo wa grisi karibu na klipu, mpira wenyewe mzima. Ni tatizo?

Kama ni utando mwembamba usioongezeka, hasa kwenye raba mpya, ufute uangalie tena baada ya wiki moja au mbili. Ukirudi ukiwa mwingi zaidi, klipu imelegea au imefungwa vibaya, na mara nyingi kubadilisha klipu kunatosha. Usiipuuze kwa sababu tu mpira ni mzima: pengo la klipu linaingiza maji sawa na tundu.

Nitajuaje kama ni grisi ya raba au oili ya kitu kingine?

Ipake kati ya vidole. Grisi ya jointi ni nzito, haitiririki, na huacha weusi unaogoma kutoka. Oili ya giaboksi au ya injini ni nyepesi na hutiririka kwenda chini. Ukikuta raba ya ndani imelowa oili nyepesi, sili ya giaboksi pale shafti inapoingia ndiyo mshukiwa wa kwanza, au oili inashuka kutoka juu kwenye injini. Tatizo hilo si la raba, lakini litaiua raba likiachwa, kwa sababu oili huvimbisha na kulainisha mpira.

Raba imechanika. Nitajuaje kama jointi bado ni nzima?

Tafuta uwanja mtupu. Fungua vioo, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole huku ukiongeza mafuta kidogo kidogo. Fanya hivyo kulia, kushoto, kisha kwa rivasi pia pande zote mbili. Kupita karibu na ukuta kunasaidia, sauti inarudi. Mlio wa "ta-ta-ta" unaokwenda na mwendo wa tairi na kuzidi ukikanyaga mafuta ni jointi ya nje iliyolika. Mara nyingi ukizidi unapokata kushoto, jointi ya kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza, ila usinunue kitu kwa kutegemea hilo tu. Raba iliyochanika itakuambia upande.

Jointi ya ndani ina tabia yake. Ikilika, gari hutetemeka ukiongeza mwendo na kutulia ukiachia mafuta, au hugonga mara moja "du!" unapotoka kwenye gia ya mbele kwenda rivasi.

Jaribio la tatu ni la vidole. Chukua grisi kidogo kutoka ndani ya tundu, isugue taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa laini kabisa, kuna matumaini. Ikikwaruza, mchanga umeshaingia. Ikiwa na chembe za chuma zinazometameta, au maji yameifanya iwe kama chai ya maziwa, jointi hiyo usiipe raba mpya bila kuifungua kwanza.

Ni milio gani mingine hudhaniwa kuwa CV jointi?

Jiwe lililokwama kwenye meno ya tairi hulia hata ukienda moja kwa moja. Kifuniko cha rimu kilicholegea hivyo hivyo. Beringi ya gurudumu huvuma, haigongi, na mvumo hubadilika ukihamisha uzito wa gari kona moja hadi nyingine. Bol jointi na viungo vya amu ya chini hugonga kwenye matuta na mashimo hata kama usukani umenyooka.

Nanunua gari lililotumika. Nitazame nini?

Gari lililooshwa chini kabisa kabla ya kuonyeshwa linastahili kuangaliwa mara mbili. Grisi hutolewa kirahisi kwenye rimu, ila mara nyingi husahaulika nyuma ya springi na juu ya kalipa. Fanya pia lile zoezi la uwanjani. Muuzaji anayekataa mzunguko mmoja wa usukani uliokatwa mpaka mwisho amekwisha kukujibu.

## Raba imeshachanika

Naweza kuendelea kuendesha?

Kufika gereji, ndiyo. Kuendelea na maisha kama kawaida, hapana. Gari halitasimama leo, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Kwenye barabara kavu ya lami jointi inaweza kuvumilia wiki kadhaa. Kwenye tope, mchanga au mvua inaweza kuharibika kwa siku chache. Kama raba imeonekana mapema na jointi haijalia, kila siku unayongoja inapunguza uwezekano wa kuiokoa.

Mpaka utengeneze, epuka madimbwi, usikanyage mafuta kwa nguvu usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, na usiende safari ndefu.

Jointi inaweza kukatika barabarani?

Inaweza, ingawa kabla ya hapo huwa imelia kwa muda mrefu na kwa sauti ambayo hata abiria wanaisikia. Ikikatika, injini inanguruma na gari haliendi, kwa sababu nguvu inakimbilia upande uliokatika. Shafti iliyoachia inaweza pia kupiga breki, waya za sensa na mabomba yaliyo karibu. Gari linalolia kwa nguvu hata likienda moja kwa moja lisiendeshwe, livutwe.

Naweza kuziba tundu kwa gundi, tepu au kipande cha tyubu?

Mpira una grisi, unapinda maelfu ya mara kwa safari moja, na unazunguka. Gundi ya kawaida haishiki hapo, na tepu hutoka ikiwa imebeba uchafu. Ukiwa mbali na gereji na tundu ni kubwa, kuzungushia plastiki ngumu na kuifunga pande mbili kunaweza kupunguza mchanga unaoingia kwa safari ya kukufikisha, mradi isiguse breki wala tairi. Hiyo ni hila ya njiani, na fundi anayekuuzia kama matengenezo anakudanganya.

Je, nikiongeza grisi tu?

Itatupwa nje kama ile ya kwanza, na itauchanganya uchafu uliomo vizuri zaidi.

Grisi imerukia breki. Nifanye nini?

Safisha diski kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kitoke safi. Pedi zilizolowa grisi zibadilishwe, za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo, ili breki zisivute upande. Kuzichoma au kuzisugua msasa hakuondoi grisi iliyozama ndani. Hili lifanywe siku hiyo hiyo, kabla ya habari ya jointi.

## Kubadilisha

Nibadilishe raba tu au shafti nzima?

Kama jointi haijawahi kulia, grisi ni laini na gololi ukiziosha hazina mikwaruzo wala mashimo, badilisha raba tu. Nasisitiza hili kwa sababu gereji nyingi hupendekeza shafti nzima kwa kuwa kazi ni ya haraka zaidi. Shafti ya kiwandani iliyo nzima, ikipewa raba na grisi nzuri, mara nyingi hudumu kuliko shafti mpya ya bei rahisi isiyojulikana ilikotoka.

Kama jointi inalia, raba mpya haiwezi kurudisha chuma kilicholika. Hapo kuna njia mbili: kubadilisha jointi ya nje peke yake, ambayo huuzwa ikiwa na raba, klipu na grisi yake; au shafti nzima, hasa kama ya ndani nayo imechoka. Mpe fundi idadi ya meno ya shafti, na aangalie kama ina pete ya sensa ya ABS, kabla hujalipia chochote.

Raba za kupasuliwa ubavuni na zile za kuvutika zinafaa?

Ile ya kupasuliwa huzungushwa juu ya shafti bila kuvua kitu, kisha ukingo wake hugundishwa au kufungwa skrubu. Udhaifu wake ni ule mshono: tone moja la grisi likigusa gundi kabla haijakauka, utarudia kazi. Ningeitumia kwenye gari lililozeeka au kwa muda tu.

Ya kuvutika hupitishwa juu ya jointi kwa kutumia koni, bila kuitenganisha jointi na shafti. Inafanya kazi vizuri ikiwa vipimo vyake vinaendana na jointi yako, lakini kwa kuwa hujaitoa jointi, kuiosha ndani kunakuwa kugumu. Kwa raba iliyopasuka zamani hilo ni tatizo.

Kwa kawaida raba ya plastiki nyumbufu huhimili kupinda kuliko mpira wa zamani, na ya silikoni huhimili joto ila huchanika kirahisi ikiguswa na kitu chenye ncha. Ukipata iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako hasa, chukua hiyo.

Nitumie grisi gani, na kiasi gani?

Ile iliyomo kwenye pakiti ya raba, yote, na si zaidi. Kwa gari dogo mara nyingi huwa karibu gramu 100. Kama haikuja nayo, tafuta grisi ya CV jointi, ile nyeusi yenye molibdeni. Grisi ya beringi za magurudumu haifai mahali hapa, na jointi ya ndani inaweza kuhitaji aina tofauti na ya nje, kwa hiyo usizibadilishane. Usichanganye pia mpya na ya zamani: osha jointi, ikauke kabisa, ndipo uijaze, ukisukuma grisi katikati ya gololi kwanza na kuacha iliyobaki ndani ya raba. Kuzidisha kunaivimbisha raba na kusukuma klipu.

Moja ikichanika, nibadilishe na nyingine?

Kama shafti imeshatoka nje, badilisha zote mbili za shafti hiyo, ya nje na ya ndani. Ufundi ndio ule ule. Upande wa pili wa gari ukaguliwe kwa makini, kwa sababu umri ni mmoja, lakini kama mabonde yake hayana ufa, uache.

Nilibadilisha juzi juzi, imechanika tena. Kwa nini?

Raba mbovu ipo, lakini kabla ya kuilaumu pitia kazi ilivyofanywa. Makosa ninayoyaona yakirudiwa ni haya. Klipu zimewekwa zile za mikanda ya plastiki badala ya za chuma. Haziwezi kubana vya kutosha. Au klipu imebanwa kupita kiasi ikakata mpira. Raba imefungwa ikiwa imejiviringa, mikunjo haiko sawa duara zima, hivyo sehemu moja inavutwa kila mzunguko. Shingo ndogo haikukaa kwenye mfereji wake juu ya shafti. Hewa imenaswa ndani, raba ikabonyea na mikunjo ikaanza kusuguana.

Hilo la hewa lina dawa rahisi: kabla ya kubana klipu ndogo, inua mdomo wa raba kwa bisibisi butu, acha hewa isawazike, shafti ikiwa katika urefu wake wa kawaida.

Kuna na kosa la kazi nyingine kabisa. Fundi anapobadilisha shokapu au bol jointi huiacha habu ining'inie nje, shafti ikavutwa kupita mwisho wake. Raba ya ndani huumia siku hiyo na kuchanika baadaye, na hakuna anayekumbuka uhusiano wake.

Naweza kuifanya mwenyewe nyumbani?

Ukiwa umewahi kufungua breki na sospensheni, ndiyo. Kama hujawahi, hii si kazi ya kwanza nzuri. Nati ya shafti hulegezwa na kukazwa mwisho gari likiwa chini juu ya matairi yake, kwa nguvu kubwa. Kwenye magari mengi kipimo chake kiko juu ya Nm 150, na kila gari lina namba yake kwenye kitabu cha ufundi. Tumia spana ya toki, na nati mpya kama ni ile inayogongwa kufunga. Usilisukume gari nati ikiwa imelegea au haipo, kwa sababu uzito unaweza kuharibu beringi ya gurudumu.

Ukichomoa shafti kwenye giaboksi, tegemea oili kumwagika: weka chombo, kagua sili, na urudishe kiwango baada ya kazi. Kabla ya kufungua jointi weka alama za rangi ili kila gololi na kila kipande kirudi kilipokuwa.

Nikague nini baada ya gari kurudishwa?

Kata usukani pande zote mbili uone mikunjo imejipanga sawa na haigusi kitu. Baada ya siku chache za kuendesha, tazama ndani ya rimu. Pawe pakavu.

## Kuzuia

Ninaweza kufanya nini raba zidumu?

Mengi ya maana ni ya kuacha kufanya. Usikanyage mafuta kwa nguvu usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, hasa gari likiwa limekwama kwenye tope na tairi linazunguka bure; jointi na raba viko katika pembe yao mbaya kuliko zote. Usiweke jeki karibu na shafti. Ukipita juu ya waya, kamba au matawi, tazama chini ukisimama.

Tengeneza uvujaji wa oili mapema. Rudisha kinga ya joto ya bomba la moshi kama ilitolewa wakati wa kazi nyingine. Mara nyingi huachwa chini ya benchi la gereji kwa sababu "haina kazi".

Nizipake mafuta au silikoni ili zisikauke?

Mafuta ya petroli, oili chafu, dizeli: kamwe, vinaharibu mpira. Dawa za silikoni zenye maji hazidhuru, lakini kupaka juu hakuondoi nyufa zilizomo ndani ya bonde. Ningeutumia muda huo kwa tochi.

Kuosha chini ya gari kwa maji ya presha kunadhuru?

Kuosha kwenyewe kunasaidia, kwa sababu tope lililokauka kwenye mikunjo husugua. Ila usielekeze mkondo wa presha kwenye klipu kwa karibu, na dawa kali ya kuondolea oili isuuzwe vizuri.

Nimeliinua gari kwa springi ndefu. Kuna athari?

Shafti sasa inakaa kwenye pembe kubwa muda wote, hata ukienda moja kwa moja. Mikunjo ya upande mmoja inasuguana na ya upande mwingine inavutika, na raba zinaisha mapema. Kiasi kinachovumilika hutegemea gari. Kagua mara mbili zaidi ya kawaida.

## Hali zisizo za kila siku

Gari limekaa miezi mingi bila kutembea. Raba ziko salama?

Zikague kabla ya safari ya kwanza. Mpira uliokaa katika mkunjo mmoja muda mrefu huweza kupasuka ukianza kupindwa, na panya hutafuna mpira. Alama za meno ni mikato mifupi yenye kingo mbichi, tofauti na ufa wa uzee.

Gari la umeme lina raba hizi?

Linazo. Mota inatoa nguvu yote papo hapo na gari lenyewe ni zito, kwa hiyo jointi hufanya kazi ngumu. Ukaguzi ni ule ule, na kwa kuwa hakuna oili ya injini ya kubadilisha, ni rahisi gari lipite miaka bila mtu kuchungulia chini. Unganisha ukaguzi na kubadilisha nafasi za matairi.

Gari langu ni la 4x4 la zamani lenye ekseli nzima mbele. Mbona sioni raba?

Kwenye magari mengi ya namna hiyo jointi imefichwa ndani ya tufe kubwa la chuma kwenye kona ya ekseli, na kinachozuia uchafu ni sili ya kufuta inayozunguka tufe hilo. Tafuta grisi au oili inayotiririka kwenye uso wa chuma hicho.

Raba iliyochanika ni ndogo, iko karibu na usukani. Ni hiyo hiyo?

Huenda unatazama raba ya steringi reki, ambayo ni ndefu na nyembamba na inafunika tairodi, au kofia ndogo ya bol jointi. Zote zikichanika zinahitaji kushughulikiwa, lakini ni kazi nyingine na vipuri vingine. Raba ya CV jointi utaitambua kwa kuwa inazunguka tairi likizunguka.

Upande mmoja tu wa gari ndio unaochana raba kila mara. Kwa nini?

Kama kazi ilifanywa vizuri (angalia swali la raba iliyochanika tena), tafuta kilicho tofauti upande huo. Maunti ya injini (kishikilio chake) iliyokatika huifanya injini ilale na shafti kubadilisha pembe. Oili inaweza kuwa inadondokea upande mmoja tu. Bomba la moshi linaweza kuwa karibu upande mmoja. Shafti isiyo sahihi, iliyo ndefu au fupi kidogo kuliko inavyotakiwa, huvuta au kubana raba ya ndani: ilinganishe na ya zamani kabla haijafungwa, zikiwa zimelazwa sambamba sakafuni.

Nimefunga shafti mpya na sasa gari linatetemeka kwa kasi. Raba inahusika?

Mara chache. Kagua kwanza kama shafti imeingia mpaka mwisho kwenye giaboksi, klipu yake ya ndani ikiwa imejibana, na kama nati za tairi zimekazwa sawa. Kama tetemeko linatokea ukiongeza mwendo na kutoweka ukiachia mafuta, jointi ya ndani ya shafti hiyo mpya ndiyo ya kutiliwa shaka. Irudishe ulikonunua kabla ya kuanza kubalansi matairi.